Sukari ya Wifi Iko Safi

Wifi yangu ana mdomo. Nasema hivyo kwa heshima zote, maana mimi mwenyewe domo langu halina breki, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kunijibu nikanyamaza isipokuwa yeye. Siku kaka alipomleta nyumbani mara ya kwanza nilimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, nikamwambia, "Kumbe ndiye wewe! Kaka yangu siku aliyokuona alisahau macho nyumbani." Akatabasamu, akaweka mkoba wake chini taratibu, akasema, "Macho alikuja nayo, wifi. Alichosahau nyumbani ni dada yake, na leo nimeona kwa nini." Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo nikampenda, na tangu siku hiyo hatukuwahi kusalimiana kama watu wenye akili zao.

Nyumba yetu ni ya urithi. Wao wanakaa upande wa mbele, mimi upande wa nyuma, katikati kuna ua na kamba ya kuanikia tunayogombania. Kila asubuhi natoka na ndoo yangu namkuta anafagia, namwambia, "Wifi, gauni hilo umelishona wewe au limekushona?" Naye hata kichwa hainui: "Afadhali mimi. Wewe unasuka mji mzima, kichwa chako mwenyewe kama hili fagio." Hapo ndipo siku inaanza. Mimi naenda kwenye saluni yangu, yeye anaenda kwenye cherehani yake anakoshona sare za shule, na kaka anaenda kusoma mita za maji.

Hapo kwenye mita inabidi nisimame kidogo, maana ndipo palipoanzia yote. Kaka yangu amezunguka nyumba za watu miaka na miaka, anafunua vifuniko, anapiga magoti, anasoma namba. Mtu analia kwamba bomba lake limekauka tangu juzi, kaka anamjibu kwa upole kabisa kwamba mita inasema maji yanatoka. Mtaani wanamwita Mzee wa Mita. Si mtu mbaya, jamani, tena ni mpole kupita kiasi, na mke wake anampenda mpaka inachosha kutazama. Ila namba ikishatajwa, kwake mazungumzo yamekwisha.

Sasa fikiria mtu kama huyo mkewe anagundulika na kisukari. Siku ya kwanza kaka alilia kama mtoto. Siku ya pili akanunua kipimo, kile kidude cha kuchoma kidole, unaweka tone la damu kwenye kijikaratasi, unasubiri namba. Basi akapata mita yake ya nyumbani. Kila asubuhi kabla hajavaa viatu utamsikia, "Lete kidole, mke wangu," halafu kimya, halafu anatangaza kwa sauti ya msoma taarifa ya habari, mpaka mimi huku nyuma nasikia: "Sita nukta nne! Safi!" Ikipanda, nyumba inageuka matanga. "Kumi na moja! Jana ulikula nini? Nani kakupa?" Na macho yote yananigeukia mimi, kama vile nina kiwanda cha keki chini ya kitanda.

Akachukua na jiko. Akawa anapika yeye, anapima wali kwa kikombe, anapakia cha mchana kwenye bakuli lenye mfuniko, anamsimamia mkewe ameze vidonge ndipo atoke. Majirani wakaanza kuwasema waume zao: mwone mwenzio, mwone mwanaume! Na wifi akiulizwa habari, anajibu salama. Lakini nani hajibu salama? Sisi jibu tunalo mdomoni kabla swali halijaisha. Mtu nyumba yake inaungua, ukimsalimia atakujibu salama kwanza, ndipo aombe ndoo.

Siku niliyojua mambo si mambo, nilitoka na ndoo nikamkuta amekaa kwenye ngazi, fagio limelala miguuni pake. Nikamchokoza kama kawaida: "Wifi, leo uso umeuvaa ndani nje." Nikasubiri anirudishie. Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipowahi kuniona. Akasema, "Ni kweli, wifi."

Basi. Ni kweli, wifi! Haki ya Mungu, angenitukana mimi na marehemu wote wa ukoo nisingeshtuka vile. Niliiweka ndoo chini, nikaenda moja kwa moja kwa kaka, nikamkuta anafunga kamba za viatu.

"Mkeo anaumwa."

"Haumwi. Leo tano nukta tisa. Hajawahi kuwa vizuri namna hii."

"Sijakuuliza namba, nimekwambia anaumwa."

"Mdogo wangu," akaniambia, na alikuwa na furaha usoni, "mita haidanganyi."

Na kweli namba ziliendelea kuwa safi. Kila asubuhi safi, safi, safi. Kwenye kliniki ya kisukari walimpigia makofi. Sista mmoja pale, mchangamfu, akamwambia kliniki ijayo asimame mbele ya wenzake awaeleze anafanyaje mpaka sukari inamtii hivyo. Kaka alirudi amevimba kwa fahari, akawasimulia majirani wote, na shati la siku hiyo akalipiga pasi wiki nzima kabla. Mimi namtazama wifi, naona gauni linamning'inia. Nikimwuliza, salama. Nikimchokoza, ni kweli, wifi. Nilikuwa nikitoka uani najisikia kama mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Fundi wa makochi ndiye aliyelipua jambo, tena bila kujua. Karakana yake iko ubavuni mwa cherehani ya wifi. Alipita saluni kwangu kuchukua kiti nilichompa akitengeneze, akasimama mlangoni na kiti begani, akasema, "Mwambie kaka yako maharage ya jana yalizidi chumvi kidogo. Lakini mayai, ah, mikono yake ibarikiwe."

"Wewe mayai ya kaka yangu umeyalia wapi?"

"Kwani hujui? Mimi namtungia wifi yako uzi kwenye sindano, yeye ananipa bakuli. Siku hizi tundu la sindano halioni. Anasema ameshiba." Akanitazama usoni, akakishusha kiti. "Nimesema vibaya?"

"Tangu lini?"

Akakuna shingo. "Siku nyingi, dada. Mimi nilidhani ni ukarimu tu."

Mteja wangu alikuwa kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima. Nilishindwa hata kumalizia njia niliyoipasua. Macho ya fundi cherehani yamefifia, na sisi tunaokaa naye nyumba moja hatujui, anajua jirani wa karakana.

Jumapili mchana wifi alikuja nimsuke kwa ajili ya kliniki ya kesho yake. Saluni nilikuwa nimeifunga, tulikuwa wawili tu. Alikaa kwenye kigoda, mgongo kwangu, kichwa katikati ya magoti yangu. Ususi una faida hiyo, humwoni mtu uso na yeye hakuoni, basi watu wanasema. Nilipitisha chanuo mara moja likatoka na fungu la nywele. Nikapitisha tena, vilevile. Nikajikaza, nikatania, maana ndiyo njia pekee ninayoijua ya kumwendea: "Wifi, nywele zinahama. Hata zenyewe zimekuchoka."

Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Hata mimi nimejichoka, wifi."

Niliacha chanuo. Nikaweka mikono yangu kichwani pake, nikaiacha hapohapo.

"Uzi siuoni," akasema. "Daktari wa macho niliyemwendea kwa siri aliniambia, hayatarudi kama yalivyokuwa. Usiku miguu inawaka kama nimekanyaga makaa. Naamka, hata sijakumbuka jina langu, kidole kimeshachomwa. Chakula kimepimwa. Njiani kila ninayekutana naye: sukari ngapi? Kanisani, sukari ngapi? Dada yangu mwenyewe akipiga simu, sukari ngapi? Sukari inaulizwa hali kuliko mimi. Nikifunua lile bakuli naona kama nitatafuna mchanga, halipiti. Mwanzoni nilimpa fundi siku mojamoja. Kesho yake namba ikawa nzuri. Kaka yako alifurahi, wifi, ungemwona, alinikumbatia. Nikasema basi, angalau mmoja wetu afurahi."

"Na vidonge?"

"Vidonge nameza. Si ananisimamia."

"Vidonge bila chakula?"

Akaanza kukusanya nywele zilizomwangukia mapajani. Nikamwuliza swali ambalo ulimi wangu, pamoja na ujeuri wake wote, ulisita kulitoa. "Wifi, unataka kufa?"

Alifikiri, na kule kufikiri kwake ndiko kuliniumiza. "Sitaki kufa. Nataka tu isiendelee."

Nililia, sifichi. Nililia nikimsuka, machozi yananidondokea kwenye mafuta ya nywele. Nilimwambia lazima amwambie mumewe. Akanishika goti. "Nimwambie nini? Kwamba anaamka na giza kunipikia, na mimi namlisha fundi makochi? Atavunjika. Acha kliniki ipite." Nikamwambia sawa. Uongo mtupu, mimi neno kama lile siwezi kulala nalo. Jioni ileile niliwafuata sebuleni, nikasimama mbele ya kaka, nikamweleza yote, mkewe akisikia.

Kaka alinitazama kama anavyomtazama mtu anayelalamikia bili ya maji. Akachukua kipimo. "Lete kidole." Tukasubiri watu watatu, tumekitumbulia macho kile kidude. "Sita kamili," akasema. "Mtu hali chakula, sukari itakuwa sita kamili?" Akamgeukia mkewe. "Mke wangu, uko salama?"

"Salama," wifi akasema, akitabasamu lile tabasamu la picha ya kitambulisho. "Unamjua mdogo wako. Anapenda kukuza mambo."

"Umesikia?" kaka akaniambia.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Nilimwita kaka yangu jina ambalo marehemu mama angenipiga kofi kwalo, nikatoka, na ule mlango niliubamiza mpaka komeo likaanguka. Niliwakasirikia wote, yeye kwa kuamini kidude na mkewe kwa kunitosa. Lakini kesho yake saluni sikufungua. Nilivaa niende nao kliniki.

Asubuhi ile nilikuwa uani nikamwona wifi anatoka na sahani yake, anaiinamisha kwenye pipa la taka, kaka akiwa chumbani anatafuta mkanda. Mayai, mboga, kipande cha mkate. Tulitazamana. Nikafungua mdomo, kaka akatoka amevaa lile shati, akasema tunachelewa; nikakumbuka jana hakuniamini, nikaumeza ulimi, tukaondoka.

Ukumbi wa kliniki ulijaa, mabenchi yamebanana, feni inazunguka kwa kulalamika. Sista akamwita wifi mbele. Alipendeza, misuko imekaa, gauni jipya alilojishonea, pindo limepinda kidogo upande mmoja, na kabla ya hapo sijawahi kuona pindo la wifi limepinda.

"Habari zenu," akasema.

"Nzuri! Na yako?"

"Salama."

Makofi. Sista akamwambia awaeleze wenzake kilichomsaidia. Wifi akashika ukingo wa meza. "Namshukuru mume wangu," akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye misuko. "Namshukuru mume wangu," akasema tena, kama mtu asiyejua ameshasema. Watu wakapiga makofi tena, mama mmoja nyuma yangu akasema, machozi ya furaha hayo. Mikono yake ilikuwa inatetemeka meza nzima inagonga. "Namshukuru," akasema, na akaanguka.

Kaka alifika kabla yangu. Unajua alifanya nini? Alitoa kipimo mfukoni. Akachoma kidole, na alipoona namba akaanza kuitangaza kwa ile sauti yake, mazoea tu, masikini: "Mbili nukta..." Sauti ikafia hapo. Akakitikisa kidude. Akakifuta kwenye shati lililopigwa pasi. "Kimeharibika," akawa anamwambia kila mtu. "Hiki kimeharibika, leteni kingine."

Walimwekea dripu ya glukosi kuipandisha sukari, akafumbua macho. Daktari, mama wa makamo mwenye viatu vya kazi, akamwuliza kaka mgonjwa alikula nini asubuhi. Kaka akataja moja baada ya jingine, mayai, mboga, mkate, na vipimo vyake. "Vyote viko kwenye pipa la taka," nikasema. Sikusema kwa ubaya. Kaka hakunigeukia. Alimtazama mkewe, na mkewe akageuzia uso ukutani, na hapo nadhani ndipo kaka alipoanza kuelewa, maana alikaa chini sakafuni, shati na yote.

Daktari alitutoa nje, akakaa na wifi muda mrefu. Alipokuja kwetu kwenye benchi alituambia wifi amemruhusu aseme. "Ana sonona," akasema. "Ni ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, si deko, wala si kukosa shukrani. Wenye kisukari wengi unawapata, na hata sisi mara nyingi hatuulizi. Namba ikiwa nzuri tunapiga makofi. Leo hata mimi nilipiga." Akaeleza kwamba vidonge vya sukari atavibadilisha, kwamba kila wiki wifi atakutana na mtaalamu wa kuzungumza naye, huenda akahitaji na dawa ya sonona yenyewe, na kwamba kwa sasa asiachwe peke yake.

Kaka alisikiliza yote kwa adabu. Halafu akauliza, "Na hiyo sonona inapimwa na nini?"

Alikuwa tayari kwenda kununua. Angeuza baiskeli yake siku ileile. Nilitaka kumcheka na nilitaka kumkumbatia, sikufanya lolote.

"Kwa kumwuliza hali yake," daktari akasema. "Halafu kusubiri jibu."

"Kumwuliza tu?"

"Na kusubiri, baba. Hapo ndipo wengi tunaposhindwa."

Tulimrudisha nyumbani. Asubuhi ya kwanza nilikwenda kwao na chai. Wifi alikuwa kitandani, ameegemea mto, macho wazi. Kaka alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, kipimo kiko mezani, na ile mikono yake imekosa pa kukaa. Alikohoa. Mwanaume ameoa miaka yote hiyo, anaogopa kumwuliza mkewe hali kama kijana anayeposa.

"Umeamkaje, mke wangu?"

"Salama."

Kaka akashusha pumzi, akainuka. Kazi imekwisha!

"Kaa chini!" nikamwambia kutoka mlangoni, chai ikanimwagikia mkononi. "Hujasubiri."

Akakaa. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo. Kaka alikitazama kipimo, akakigeuza uso chini, akamtazama mkewe. Sijawahi kumwona kaka yangu ametazama kitu kisicho na namba kwa muda mrefu namna ile.

"Umeamkaje?" akauliza tena, taratibu.

Midomo ya wifi ilicheza. Niliona salama inakuja, nikaiona inakwama.

"Vibaya," akasema.

Kaka alitafuta cha kufanya, akanyoosha mkono kuelekea mezani, akaurudisha. Kisha akaweka kichwa chake kwenye shuka, karibu na kiuno cha mkewe, akalia kwa sauti, yeye asiyelia tangu siku ile ya kwanza. Wifi alimwekea mkono kichwani, ule wenye vidole vilivyojaa alama za sindano. Hakumbembeleza. Aliuweka tu.

Tangu hapo imepita misimu ya mvua. Macho hayakurudi. Sare za shule anashona mwingine, wifi anapinda vitambaa vikubwa tu, mashuka na mapazia, na uzi namtungia mimi. Bakuli anakula nusu, siku nyingine robo, lakini analikula yeye, mbele ya fundi makochi ambaye siku hizi anakuja na chakula chake. Anakwenda kwa yule mtaalamu wake. Kipimo kipo, kinasomwa, ila kaka hatangazi tena, ananong'ona. Kwanza anauliza. Kuna siku anajibiwa vibaya, kuna siku vibaya sana, na siku moja alijibiwa "sijui", akakimbia kunieleza kwa furaha kama mtu aliyepata mtoto.

Na mimi kila asubuhi natoka na ndoo yangu, namchokoza. Sijaacha hata siku moja. Leo nilimkuta anafagia, polepole, anagusagusa tu vumbi. Nikamwambia, "Wifi, fagio limekuzidi nguvu na uzuri." Akasimama. Akalitazama fagio, muda. Halafu akainua macho yake yaliyofifia, akanitazama mimi, kichwani hasa, kwenye nywele zangu ambazo sijasuka tangu Mungu anajua lini. Mdomo ukafunguka kidogo. Kisha ukafungwa, akaliegemeza fagio ukutani, akaingia ndani.

Nilibaki pale uani na ndoo yangu, namsubiri arudi anitukane.